Wazee Wetu na Vyombo Vipya: Kutoka Barua ya Kusomewa Hadi Kipimo cha Sukari



Ndugu zetu wasomaji, wazazi pamoja na wanafunzi, mara nyingi katika majumba yetu huku, iwe Buyenzi ya Bujumbura, Biryogo ya Kigali au Kibuli ya Kampala, husikika vijana wakisema kwamba wazee hawataki mambo mapya. Babu amenunuliwa simu nzuri, ameiweka kabatini. Bibi ameletewa mashine ya presha na mwanawe aliyeko Muscat, na hadi leo imo ndani ya boksi lake. Maneno huishia hapo, kwamba wazee ndivyo walivyo.

Sisi tunaona kauli hiyo si ya haki, na historia yenyewe inaikanusha. Wazee hao hao, na wazazi wao kabla yao, walipokea miwani, redio, kaseti na simu, na baadhi ya vitu hivyo walivipokea kwa moyo mkunjufu kuliko watoto wao. Lakini ni kweli pia kwamba vipo vyombo walivyovikwepa miaka na miaka. Tukivipanga vyote pamoja na kuvitazama kwa makini, tunakuta kuwa jambo lililokuwa likiwatia shaka mara nyingi ni siri. Mzee hujiuliza: nikikitumia chombo hiki, je, mambo yangu yatabaki yangu, au itabidi yapite kwanza mikononi mwa mtu mwingine?

Tuanze na barua, maana huko ndiko jeraha lilikoanzia.

Katika karne ya 19 misafara ilipokuwa ikipita kutoka pwani kwenda Tabora, Ujiji na hatimaye Kasongo huko Maniema, barua zilisafiri pamoja na bidhaa. Ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, nyingine kwa lugha ya Kiarabu na nyingine kwa Kiswahili chenyewe. Aliyepita chuoni na kujifunza kusoma Qur-aan alikuwa na ufunguo wa herufi hizo, na akijifunza kuziandika aliweza kuandika habari zake mwenyewe na kumsomea nduguye bila ya mtu wa tatu kuingia kati. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Tippu Tip, aliandika kisa cha maisha yake kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu akiwa mtu mzima sana, na Mjerumani Heinrich Brode ndiye aliyekigeuza katika herufi za Kilatini. Alifariki Zanzibar mwaka 1905. Hatumtaji hapa kumsifu, kwani biashara yake ya watumwa na pembe inajulikana na hatuna haja ya kuificha. Tunamtaja kwa ajili ya kalamu yake tu, kwamba mzee wa zama zile aliweza kukaa peke yake na kuandika.

Kisha wakaja Wajerumani, Wabelgiji na Waingereza, na pamoja nao zikaja herufi za Kilatini katika shule, ofisi na vyeti vya kodi. Mwaka 1930 ilipoundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili kwa nchi zilizokuwa chini ya Waingereza, Kiswahili kilichosanifishwa kilikuwa cha herufi hizo za Kilatini. Sasa fikiria hali ya mzee aliyehitimu Qur-aan mara kadhaa, anayesoma maulidi kwa macho na vitabu vya fiqhi kwa taabu kidogo. Mzee huyo alilala msomi, akaamka anaandikwa katika daftari la serikali kuwa hajui kusoma. Mtoto wake wa miaka tisa ndiye aliyekuwa msomi wa nyumba.

Kuanzia hapo barua ya mzazi ikawa ni ya kuandikiwa na ya kusomewa. Mama alikaa mkekani, akamwita kijana wa jirani aliye darasa la sita, akamtajia maneno naye akaandika. Jibu likija, kijana yule yule, au mwingine, alilifungua na kulisoma kwa sauti. Je, mama huyo angeweza kumwandikia mwanawe kwamba baba yake anakojoa damu? Angeweza kumwambia kuwa kuna ugomvi wa shamba na ami yake, na huku anayeandika ni mjukuu wa huyo ami? Wengi wetu tumezoea kuzicheka barua za zamani kwamba ni salamu tupu kuanzia juu mpaka chini: sisi hatujambo, hofu ni kwenu, fulani anakusalimu na fulani naye anakusalimu. Tunadhani wazee wetu hawakuwa na la kusema. Walikuwa nayo mengi sana, ila hawakuwa na mahali pa kuyaweka.

Basi redio ilipokuja, ilikuja bila ya herufi. Hata hivyo haikupokewa bila ya maswali, na ni vizuri vijana wetu wakajua namna maswali yale yalivyoulizwa. Redio ya serikali ya Misri ilipofunguliwa tarehe 31 Mei 1934, msomaji aliyeifungua kwa Qur-aan alikuwa Sheikh Muhammad Rif‘at (Rahimahu Allaah), mtu ambaye hakuwa na macho tangu utotoni. Inasimuliwa kuwa alisita. Aliogopa kwamba sauti ya Qur-aan ingeingia hata mahali pasipostahiki na kusikilizwa na watu wasio na adabu nayo. Akaenda kuuliza kwa Sheikh wa Al-Azhar wa wakati ule, Muhammad al-Ahmadi adh-Dhawahiri, naye akamruhusu. Baada ya ruhusa hiyo alisoma, na alianza kwa Suuratul-Fat-h.

Kwa upande wa Saudia nako inasimuliwa sana kisa cha Mfalme ‘Abdul-‘Aziz na simu. Baadhi ya watu wa dini walikuwa na shaka na chombo kinachobeba sauti ya mtu asiyeonekana, wakahofia kuwa ni kazi ya mashetani. Basi ikasomwa Qur-aan upande mmoja wa waya na wao wakaisikia upande wa pili, wakaridhika kwamba chombo kinachobeba maneno ya Allaah hakiendeshwi na shetani. Vijana wakisikia kisa hiki hucheka. Sisi hatuoni cha kuchekesha. Watu wale waliuliza swali zito kuhusu kitu wasichokijua, wakataka ushahidi, na walipoupata wakakubali. Mwenye kuuliza kabla ya kuingiza kitu nyumbani kwake hajakataa.

Huku kwetu redio ilipata nguvu ilipoacha kutegemea umeme wa ukutani. Redio za transista zilianza kuuzwa Marekani mwaka 1954, na mwaka huo huo wa 1954 Redio Cairo ikaanza matangazo yake ya Kiswahili. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikafuata tarehe 27 Juni 1957. Mwaka 1961 Misri ilikamilisha kurekodi msahafu mzima kwa sauti ya Sheikh Mahmuud Khalil al-Husary, na mwaka 1964 Cairo ikafungua idhaa maalumu ya Qur-aan. Mzee wa Kasongo au wa Buyenzi ambaye hakuwahi kuvuka ziwa aliweza kumsikia msomaji wa Cairo akiwa amekaa barazani kwake. Hakuhitaji mtu wa kumsomea wala kumtafsiria kitufe, kwani kitufe cha kuwasha na kile cha kutafutia stesheni vilitosha. Redio ikawa ya mzee, na mtoto akiigusa alijua atakachokipata! Ni redio ngapi tunazozijua zilizoshonewa mfuko wa kitambaa, zikawekwa juu ya kabati pamoja na msahafu?

Kuna chombo kingine ambacho hakikuwahi kuleta mjadala hata siku moja, nacho ni miwani. Elimu ya nuru na macho ilijengwa na wanazuoni kama Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra na kufariki Cairo karibu na mwaka 1040, ingawa miwani yenyewe ilitengenezwa Italia mwishoni mwa karne ya 13. Mhubiri mmoja wa Pisa alisema mwaka 1306 kwamba ufundi huo haujatimiza miaka 20 tangu kugunduliwa. Karne mbili hazikupita kabla ya mshairi na mwanachuoni Jami wa Herat, aliyefariki mwaka 1492 akiwa mzee karibu wa miaka 80, kuitaja katika kitabu chake kimoja miwani ya Wazungu kuwa ndiyo inayomsaidia macho yake yaliyochoka. Chombo kilitoka kwa watu wa dini nyingine, katika zama za uadui, na bado mzee wa Kiislamu alikivaa. Kinakaa usoni kwa mwenyewe, kinamrudishia kitabu chake, na hakimwambii mtu mwingine lolote.

Sasa turudi kwenye barua, kwa sababu baada ya redio zilikuja kaseti, na kaseti ndiyo iliyoitibu barua. Kampuni ya Philips ilitoa kaseti ndogo mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwafungulia mlango wenye asili ya Oman, jamaa wengi walihamia huko, wakiwemo waliotoka Burundi, Rwanda na Congo. Familia zikagawanyika, mama huku na watoto kule. Ndipo watu wakaanza kutumiana sauti. Mama alifunga mlango, akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akazungumza na mwanawe nusu saa nzima. Alilia humo, akagomba humo, akataja yale ambayo kijana wa darasa la sita asingeandika. Kaseti ikafungwa kwa karatasi na kupewa msafiri. Tunaamini kuwa wanaoandika historia ya miji yetu wangefanya vyema kuzitafuta kaseti hizo kabla utepe haujaoza, kwani ndani yake mna wazee wetu wakizungumza bila karani.

Kisha simu za mkononi. Huko Zaire Miko Rwayitare, mfanyabiashara mzaliwa wa Rwanda, alianzisha Telecel mwaka 1986, lakini simu zile zilikuwa za mawaziri na matajiri. Uganda ilipata Celtel mwaka 1995 na MTN mwaka 1998, na Rwanda nayo MTN mwaka huo wa 1998. Kwa wazee wengi mlango wa kwanza ulikuwa kibanda cha simu, au simu ya kijiji, ule mpango ambao MTN Uganda na Grameen Foundation waliuanza mwaka 2003, ambapo mwanakijiji mmoja alikopeshwa simu na kuwauzia wenzake dakika. Mpango ulikuwa na manufaa makubwa na hatuudharau. Lakini mnakumbuka foleni ya kibandani? Mzee amesimama, anapiga kelele kwenye simu kwa kuwa hasikii vizuri, na nyuma yake watu sita wanasikiliza kuwa binti yake ameachwa. Ndiyo barua ya kusomewa imerudi kwa sura nyingine.

Simu ilipokuwa ya mzee mwenyewe, alichokipenda kwanza ni kubipu. Vijana walidhani kubipu ni ubahili. Mtafiti Jonathan Donner, aliyefanya utafiti wake Rwanda, aliandika makala nzima mwaka 2007 juu ya kanuni za kubipu, na moja ya kanuni alizoziona ni kwamba mwenye uwezo zaidi ndiye anayetarajiwa kulipia mazungumzo. Kanuni hiyo wazee waliijua bila ya kufundishwa, kwani ndiyo heshima ya mtoto kwa mzazi: mama akibipu, mwana anapiga. Kwa kubipu hakuna kusoma, hakuna salio linalopotea, na hakuna wa kati. Mlio mmoja nimefika salama, milio miwili nipigie. Ujumbe mfupi wa maandishi ulikuwa rahisi kuliko kupiga, lakini ulikuwa wa herufi za Kilatini na ndogo kama chawa, hivyo mjukuu akaitwa tena kusoma. Ndiyo maana wazee wengi hawakuwahi kuutumia, na ndiyo maana WhatsApp ilipoleta ujumbe wa sauti wa kubonyeza na kusema, mwezi Agosti 2013, wazee wale wale walioitwa wagumu waliingia kwa kishindo. Kwao lile halikuwa jambo geni. Ilikuwa ni kaseti, tena isiyohitaji msafiri wa kuibeba. (Kwamba sasa wanatutumia dua na picha za maua kila alfajiri, na video ambazo hazina ukweli wowote, hilo ni jambo la makala nyingine.)

Pesa za simu zilikuwa mtihani mkubwa zaidi. M-Pesa ilianza Kenya mwezi Machi 2007, MTN Uganda ikaanza huduma yake mwaka 2009, Rwanda mwaka 2010, na Burundi nayo ikafuata. Kwa mzee anayeletewa matumizi na mwanawe aliye mbali ilikuwa ni rehema, hakuna haja ya kungoja basi wala kumwamini dereva. Lakini menyu ya Kifaransa au ya Kiingereza, na namba ya siri yenye tarakimu nne au tano, vilimrudisha mjukuu katikati. Mjukuu akaijua namba ya siri. Sisi tumewahi kukaa katika vikao vya kusuluhisha familia ambako mzee anasema pesa hazikufika, mtoto anasema alituma, na kijana ameinamisha kichwa. Mzee akipatwa na hayo mara moja, anairudisha simu kabatini, na watu wanasema hataki teknolojia.

Tumefika hospitali, ambako jambo hili lina hatari zaidi.

Wengi hawajui kuwa kile kifaa cha daktari cha kusikilizia kifua kilizaliwa kwa sababu ya haya. Mwaka 1816, katika hospitali ya Necker mjini Paris, daktari Laennec alipaswa kuweka sikio lake juu ya kifua cha mgonjwa wa kike, akaona si adabu. Akakunja karatasi ikawa kama bomba, akasikiliza kwa mbali kidogo, na akagundua kuwa anasikia vizuri zaidi. Kipimo cha presha cha kufunga mkononi kilitengenezwa na Mtaliano Riva-Rocci mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari wa Urusi, Korotkov, akaonyesha namna ya kusikiliza mapigo chini ya mfuko ule ili kupata namba mbili za presha tunazozitaja hadi leo. Mashine za nyumbani zinazojipima zenyewe zilianza kuenea kutoka Japani katika miaka ya 1970.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, namba za presha na sukari zilikuwa mali ya hospitali. Zilipimwa na muuguzi, zikatajwa kwa sauti kwenye korido, zikaandikwa kwa lugha ya kigeni katika kijitabu anachokibeba mtoto. Halafu nyumbani zikawa mali ya kila mtu. Hakuna aliyewahi kuhudhuria harusi asisikie: “Mama, usile huo wali, jana sukari yako ilikuwa mia tatu!” Mbele ya wakwe. Anayesema anasema kwa mapenzi, hilo hatulikatai, lakini mama amevuliwa nguo mbele ya watu, na siku ya pili akiulizwa kuhusu kupima anasema kidole kinauma.

Mwili wenyewe unashuhudia jambo hili. Madaktari wanajua kwamba kuna watu ambao presha yao hupanda wakiwa mbele ya mhudumu wa afya, na wakiwa nyumbani hushuka. Ndiyo sababu kipimo cha hospitali huhesabiwa kuwa cha juu kikifika 140 kwa 90, lakini cha nyumbani huhesabiwa kuwa cha juu kuanzia 135 kwa 85. Mtu anapotazamwa, damu yake inajua. Basi mzee na apumzike dakika tano, aegemee kiti, mkono ukae usawa wa moyo, watu waache kuzungumza, na mjukuu asisimame juu ya kichwa chake akingoja kutangaza.

Kuhusu sukari kuna kisa kimoja tunachopenda vijana wakijue. Kugunduliwa kwa insulini Toronto mwaka 1921 kuliokoa maisha, lakini kwa miaka karibu 50 wagonjwa walikadiria sukari yao kwa kupima mkojo tu. Mwaka 1970 kampuni ya Ames ya Marekani ilitoa mashine ya kusoma sukari kwa tone la damu. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo moja, na ilikusudiwa kwa madaktari na hospitali. Mhandisi mmoja, Richard Bernstein, aliyekuwa na kisukari tangu umri wa miaka 12, aliitaka. Hakuuziwa, kwa kuwa yeye ni mgonjwa tu. Mke wake alikuwa daktari, basi ikaagizwa kwa jina la mkewe. Akaanza kujipima mwenyewe mara kadhaa kwa siku, akabadili chakula na dawa kulingana na alichokiona, na afya yake iliyokuwa ikididimia ikainuka. Alipoandika matokeo yake, majarida ya udaktari hayakutaka makala ya mhandisi. Akiwa na umri wa miaka 45 aliingia chuo cha udaktari. Alifariki mwaka 2025 akiwa na miaka 90. Wapo wanaopingana naye katika mambo ya chakula, na sisi si madaktari wa kuamua. La muhimu kwetu ni kwamba wataalamu wa zama zake walidhani kipimo hiki hakifai kuwa mkononi mwa mwenye maradhi, na ikadhihirika kuwa hapo ndipo mahali pake.

Sasa tuje kwenye Ramadhaan, maana hapo ndipo kipimo hufichwa zaidi. Utafiti mkubwa wa mwaka 2001 uliofanyika katika nchi 13 zenye Waislamu wengi, ukahusisha watu zaidi ya 12,000 wenye kisukari, ulikuta kuwa karibu 79 katika kila 100 wenye kisukari cha aina ya pili walifunga siku zisizopungua 15 za mwezi. Watu wanafunga, daktari akipenda asipende. Na mzee anajua kuwa akipima saa tisa mchana na mwanawe akaiona namba, atalazimishwa kufungua mbele ya watoto. Kwa hiyo hapimi, na anatoa sababu ambayo hakuna wa kumjibu: kutoa damu kutaniharibia swaumu.

Sababu hiyo ilikwisha kujibiwa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu katika kikao chake cha kumi, Jeddah, mwaka 1997, lilipitisha kwamba kuchukua damu kwa ajili ya vipimo hakufunguzi, wala sindano za dawa za chini ya ngozi, za msuli au za mshipa, isipokuwa zile za kulisha mwili. Tone la kidole kwa hakika ni dogo kuliko damu ya maabara. Mwenye shaka na amuulize sheikh wake, kama alivyouliza Sheikh Rif‘at, lakini aulize kabla ya mwezi kuandama.

Na daktari naye aendewe kabla. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari pamoja na wenzao wa DAR unasema mtu aonane na mtaalamu wiki 6 hadi 8 kabla ya Ramadhaan, ili ijulikane kama anaweza kufunga na dawa zipangweje. Mwongozo huo unataka mfungaji afungue ikiwa sukari imeshuka chini ya 70, au imepanda juu ya 300, au anajihisi vibaya kwa dalili za kushuka au kupanda sukari au kuishiwa maji. Katika hili ushauri wetu kwa familia ni mmoja. Makubaliano ya namba hizo yafanywe baina ya mzee na daktari wake, mzee akiwa ndiye anayezungumza, na baada ya hapo apime chumbani kwake. Ikishuka chini ya mpaka, atafungua kwa sababu yeye ndiye aliyekubali. Akichelewa au akionekana kuchanganyikiwa, kutetemeka au kutoka jasho la ghafla, hapo hakuna siri tena, apewe kitu kitamu na apelekwe kwa daktari.

Lipo jambo la mwisho la vitendo, nalo linawahusu sana jamaa walio nje wanaotuma vipimo. Vipimo vya sukari havisomi kwa kipimo kimoja. Vile vya Marekani na Ufaransa kwa kawaida husoma kwa miligramu, vile vya Uingereza husoma kwa milimoli, na hospitali zetu katika nchi hizi nazo hazifanani. Namba ya milimoli ukiizidisha mara 18 unapata ya miligramu, kwa hiyo 70 ya kifaa kimoja ni 3.9 ya kingine, na 300 ni kama 16.6. Mzee aliyezoea kuona 110 akapewa kifaa kinachoonyesha 6.1 atadhani anakufa, au atadhani kifaa ni kibovu na kukitupa. Kabla ya kukituma, angalieni kinasoma kwa kipi na kama ndicho anachokitumia daktari wake, na angalieni pia kama vile vijiti vyake vinauzwa huku, kwani kifaa bila vijiti ni kopo tu. Kisha mwandikieni karatasi ndogo ya kuweka ndani ya mkoba wa kifaa, yenye mipaka yake miwili kama inavyotokea kwenye kioo, 70 na 300, au 3.9 na 16.6. Na kama mzee wenu ni wa chuoni, pembeni yake andikeni kwa tarakimu alizozizoea tangu utotoni: ٧٠ na ٣٠٠.